Kumbukumbu za Dereva: Zimewekwa Wapi, na Namna ya Kuziomba

Nawasalimu ninyi mlioketi madarasani Ngamiani na Makorora, ninyi wa Muheza, Mkinga, Pangani na Bagamoyo, na mtu ye yote anayesikiliza peke yake huku amesimamisha gari chini ya mwembe. Kila mmoja awe na daftari na kalamu. Mwenye leseni ya udereva aitoe mfukoni, aiweke mbele yake. Asiye nayo aazime ya jirani, na airudishe baada ya somo.

Somo la leo ni juu ya kumbukumbu za dereva. Liandikeni neno hilo polepole: ku-mbu-ku-mbu. Hapa maana yake ni habari zako zilizoandikwa na kuwekwa na ofisi: umepewa leseni lini, unaruhusiwa kuendesha gari za namna gani, umeandikiwa makosa gani, na kama faini zake umelipa au bado. Habari hizo zipo hata kama wewe hujapata kuziona. Na wengine huziona kabla yako.

Kwanza sikilizeni mazungumzo haya. Watu hawa wawili tumewabuni, lakini mambo yao ni ya kila siku. Hamisi ni kijana wa Makorora. Kwa miaka sita ameendesha lori la machungwa, kutoka Muheza mpaka mpakani Horohoro. Mzee Bakari ana Coaster moja iendayo Pangani, na lori moja aina ya Fuso linalochukua nazi kwenda Dar es Salaam. Anatafuta dereva. Wamekutana barazani kwake baada ya sala ya alasiri.

HAMISI: Shikamoo, mzee.

MZEE BAKARI: Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa. Nimeambiwa unatafuta gari.

HAMISI: Ndiyo, mzee. Lori nililokuwa nikiendesha limeuzwa, nami nina watoto watatu.

MZEE BAKARI: Watu wanakusifu. Lakini mimi sichukui tena dereva kwa sifa za barazani. Leseni yako ina madaraja gani?

HAMISI: Yote, mzee.

MZEE BAKARI: Yote? Hebu yasome.

HAMISI: Ah… yule aliyenishughulikia leseni ndiye aliyeniambia ni yote.

MZEE BAKARI: Mjukuu wangu, njoo umsomee kaka yako. Anasema nini? A, B, D na E. Basi hapa C haimo, mwanangu. Coaster yangu inachukua abiria 26. Nikikupa leo, kesho tuko polisi wote wawili.

HAMISI: Mzee, hilo nimelisikia. Lakini faini mimi sina hata moja.

MZEE BAKARI: Huyu mtoto amekwisha tazama katika simu kwa namba ya leseni yako. Anasema ziko tatu hazijalipwa. Moja ni ya Pongwe, moja ya Mkata, moja ya Chalinze.

HAMISI: Ya Pongwe ni yangu, nilipigwa tochi, nikasahau kulipa. Lakini Mkata na Chalinze sijapata kuendesha gari huko! Njia yangu ilikuwa Muheza na Horohoro tu. Wallahi, mzee…

MZEE BAKARI: Usiape, mwanangu. Kiapo hakifuti kilichoandikwa. Niletee karatasi. Nafasi ya Fuso nakuwekea mpaka mwisho wa mwezi ujao.

Haya. Hamisi ni dereva mzuri, na hakusema uongo kwa kukusudia. Taabu yake ni kwamba alikuwa na kadi mfukoni asiyoweza kuisoma, na ofisini ana habari asizopata kuziona. Tuanze na kadi.

Leseni ya Tanzania Bara hutolewa na Mamlaka ya Mapato, yaani TRA, baada ya polisi wa usalama barabarani kumjaribu mtu na kuthibitisha kwamba anajua kuendesha. Tangu mwaka 2010 leseni ni kadi ngumu yenye picha. Itazameni. Tafuteni namba ya leseni, na muinakili kwenye daftari, tarakimu moja moja. Msiibe kwa macho, someni kila tarakimu kwa sauti. Namba hiyo ndiyo jina lako mbele ya mashine. Mashine haimjui Hamisi wa Makorora aliye na watoto watatu, inajua namba tu. Tarakimu moja ikikosewa, kosa lako linakwenda kwa mtu mwingine, au la mtu mwingine linakuja kwako.

Sasa tafuteni tarehe mbili, ya kutolewa na ya kwisha. Zamani leseni ilidumu miaka mitatu. Tangu mwaka wa fedha ulioanza Julai 2019 inadumu miaka mitano, na ada yake ilipandishwa wakati ule kutoka shilingi 40,000 mpaka 70,000. Andikeni tarehe ya kwisha kwa herufi kubwa, muibandike mlangoni nyumbani. Nawajua madereva wazuri waliokamatwa kwa leseni iliyokwisha juzi tu, na hakuna aliyewaonea, ila hawakuwa wakiitazama.

Halafu tafuteni herufi. Hizo ndizo madaraja. A na zile A zenye namba ni za pikipiki na vyombo vya magurudumu matatu. B ni motokaa za binafsi. D huongeza gari za biashara zisizo kubwa, wala hazichukui abiria wa kulipa. E ni ya malori makubwa. C ndiyo ya kuchukua abiria, nayo ina wadogo zake, C1, C2 na C3, kwa kadiri ya idadi ya watu garini. Coaster ya Mzee Bakari, yenye abiria 26, inataka C1 au C yenyewe. H ni ya mwanafunzi anayejifunza. Basi Hamisi, mwenye A, B, D na E, anaweza kuendesha Fuso la nazi bila wasiwasi. Coaster haiwezi mpaka akasome tena, ajaribiwe, na herufi iongezwe. Si aibu. Aibu ni kumwacha mtu mwingine akusomee kadi yako mwenyewe kwa miaka sita.

Sasa tuingie ofisini. Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kumbukumbu zako haziko katika kitabu kimoja. Katika nchi nyingine ziko. Uingereza, kwa mfano, dereva huweza kutazama kumbukumbu zake zote mahali pamoja, katika ofisi ya serikali iliyoko mji wa Swansea. Huko makosa hupewa alama, na dereva akifikisha alama 12 katika muda wa miaka 3 aweza kunyimwa haki ya kuendesha. Hapa kwetu habari zimegawanyika. Habari za leseni yenyewe ziko TRA. Habari za faini za barabarani ziko polisi. Ukishitakiwa mahakamani ukahukumiwa, hukumu iko mahakamani. Na kama unaendesha basi au lori la biashara, kuna ofisi ya nne, ambayo nitaieleza baadaye. Anayekwambia, “Lete rekodi yako yote,” anakutuma sehemu kadhaa, si sehemu moja.

Zaidi kuliko zote, kinachowapata watu ni kitabu cha polisi. Tukae hapo kidogo.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo katika vitabu vya sheria ni Sura ya 168. Sheria hiyo yasema, kwa mfano, gari isizidi kilomita 50 kwa saa mahali penye makazi ya watu, na gari nzito na mabasi yasizidi kilomita 80 njia nzima. Ukivunja sheria katika makosa ya kawaida, askari aweza kukuandikia faini pale pale barabarani badala ya kukupeleka kwa hakimu. Zamani aliandika kwa kalamu. Siku hizi ana mashine ndogo ya mkononi. Humo huandika namba ya gari, namba ya leseni, kosa, mahali na tarehe. Habari hizo haziishii kwenye karatasi unayopewa. Zinakwenda Makao Makuu na kukaa huko.

Kosa moja la gari ni shilingi 30,000. Kwa pikipiki na bajaji faini ilipunguzwa katika bajeti ya mwaka 2021 ikawa shilingi 10,000 kwa kosa moja. Ukichelewa kulipa, huongezwa adhabu juu yake. Ndiyo maana deni la Hamisi la Pongwe limekua likiwa limelala.

Sikilizeni vizuri hapa. Ukilipa faini, umekubali kosa. Kama hukulitenda, una haki ya kukataa na kuomba upelekwe mahakamani, hakimu akalisikilize. Watu wengi hulipa ili kuepuka usumbufu, kisha baada ya mwaka hulalamika kwamba wameandikwa wasilolitenda. Siwalaumu, maana kwenda mahakamani ni siku nzima, na siku nzima ni mkate wa watoto. Lakini ujue unachokiuza.

Namna ya kutazama ni hii. Mwenye simu yenye intaneti, au mwenye mtoto mwenye simu hiyo, aandike anwani ya polisi. Nitaitaja herufi kwa herufi, nanyi mwandike: t, m, s, nukta, t, p, f, nukta, g, o, nukta, t, z. Narudia: tms, nukta, tpf, nukta, go, nukta, tz. Hapo utaulizwa unataka kutafuta kwa namba gani. Unaweza kutafuta kwa namba ya gari, kwa namba ya leseni, au kwa namba ya ile karatasi ya faini. Majibu huja kama jedwali lenye safu. Safu moja ni kosa, nyingine ni mahali, nyingine kiasi cha faini, nyingine nyongeza ya kuchelewa, na nyingine husema kama imelipwa au bado. Huduma hii haina malipo. Mtu akikutoza fedha ili “akutolee rekodi” kwenye simu, anakuuzia maji ya bahari.

Lakini zipo tafuta mbili, na tofauti yake ni kubwa. Ukitafuta kwa namba ya gari, utaona makosa yote ya gari hiyo, nani aliyeendesha ni shauri jingine. Ukitafuta kwa namba ya leseni, utaona yaliyoandikwa kwa namba ya mtu huyo, gari yo yote aliyokuwa nayo. Gari aliyopigwa picha na tochi ikapita huweza kuandikiwa kwa namba zake za usajili bila dereva kuonana na askari. Basi kijana anayechukua bajaji ya mkataba Ngamiani, au anayenunua pikipiki iliyotumika, atafute kwanza kwa namba ya chombo kabla ya kutoa shilingi. Akikuta madeni saba, ayakate katika bei, au amwambie mwenye chombo ayalipe kwanza. Na tajiri anayemkata dereva mshahara kwa faini za gari atazame tarehe, maana huenda siku ile gari ilikuwa kwa mtu mwingine. Nimeona ugomvi wa namna hiyo ukivunja urafiki wa miaka.

Kulipa kunafanywa kwa namba ya malipo ya serikali, ambayo watu wengi huiita kontroo namba. Ina tarakimu 12, na huanza na 99. Unalipa kwa benki au kwa simu, na unapata ujumbe. Uhifadhi ujumbe huo, na uandike daftarini tarehe na namba. Fedha unayompa mtu mkononi kando ya barabara haina namba, na deni lako litabaki pale pale kama hukutoa kitu. Nasema hivyo bila kuingia katika mambo mengine ambayo nyote mnayajua.

Sasa turudi kwa Hamisi na zile faini mbili za Mkata na Chalinze. Zimefikaje kwenye namba yake? Huenda askari alibonyeza tarakimu moja vibaya. Huenda tajiri wake wa zamani alikuwa na nakala ya leseni ya Hamisi, akampa dereva mwingine aitumie. Hatujui, wala Hamisi hana haja ya kumtuhumu mtu. Haja yake ni kuonyesha kwamba hakuwapo. Na ana bahati, kwa sababu karatasi za mzigo za Horohoro zina tarehe na mihuri. Moja ina tarehe ile ile ya faini ya Chalinze. Mtu mmoja na lori moja hawawezi kuwa Horohoro na Chalinze adhuhuri moja.

Simu haitoshi kwa jambo hili. Simu hukuonyesha tu, haikusikilizi. Inatakiwa barua.

Je, ofisi inalazimika kumjibu? Ndiyo. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa binafsi ni habari zinazomhusu mtu anayejulikana, kama jina lake, namba yake, picha yake na mambo yake. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zilizowekwa, na haki ya kuomba zisahihishwe zikiwa na makosa. Kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi wa Aprili 2024, ambayo hupokea malalamiko. Tena kabla ya hiyo ilitungwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inaipa ofisi ya umma siku 30 za kumjibu raia aliyeomba taarifa. Hamna haja ya kukariri sheria hizi. Inatosha kuandika jina lake na mwaka wake ndani ya barua, ili anayeisoma ajue kwamba mwandishi hakuja kuomba hisani.

Barua ya Hamisi hii hapa. Nitaisoma polepole, nanyi mwandike. Mahali pa mstari, kila mtu ataweka habari zake.

Hamisi ____________,
S.L.P. ______,
Tanga.
Tarehe ____________

Kamanda wa Polisi wa Mkoa,
Tanga.

Kwa: Mkuu wa Kikosi cha Usalama Barabarani.

YAH: OMBI LA KUPEWA NA KUSAHIHISHIWA KUMBUKUMBU ZANGU ZA UDEREVA

Mimi ni dereva mwenye leseni namba ____________. Naomba kupewa kwa maandishi orodha ya makosa yote yaliyoandikwa kwa namba hiyo tangu tarehe ______ mpaka leo, pamoja na tarehe, mahali, namba ya gari, kiasi cha faini, na kama imelipwa.

Katika orodha niliyoiona kwenye mtandao wa polisi, kosa la Pongwe ni langu, nami nimelilipa tarehe ______. Makosa mawili, la Mkata la tarehe ______ na la Chalinze la tarehe ______, si yangu. Tarehe hizo nilikuwa njia ya Horohoro. Naambatanisha nakala za karatasi za mzigo zenye mihuri. Naomba makosa hayo yachunguzwe, na yakithibitika kuwa si yangu, yaondolewe kwenye namba yangu.

Naomba hayo kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Naambatanisha pia nakala ya leseni na ya kitambulisho cha Taifa.

Wako mtiifu,
(sahihi)
Hamisi ____________

Tazameni alichofanya Hamisi. Kwanza amekiri la Pongwe na kulilipa kabla ya kuandika. Mtu anayekubali lililo lake husikilizwa vizuri zaidi anapokataa lisilo lake. Pili, hakuandika “Naomba rekodi yangu” basi. Ametaja anataka nini hasa: tarehe, mahali, namba ya gari, kiasi. Ombi lisilo na mipaka hujibiwa kwa jibu lisilo na maana. Tatu, hakutukana, wala hakusimulia taabu za nyumbani. Watoto watatu hawamo katika barua hiyo, ingawa ni kwa ajili yao ameiandika. Wengine humalizia barua kwa “wako katika ujenzi wa Taifa”. Si vibaya, ni desturi tu.

Aandike nakala mbili. Azipeleke mwenyewe ofisini kwa kamanda, Chumbageni, aulize masjala, yaani chumba cha kupokelea barua. Nakala moja ataiacha. Nakala ya pili ataomba igongwe mhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe, halafu arudi nayo nyumbani. Bila mhuri ule, baada ya mwezi utaambiwa barua haikuonekana, nawe huna la kusema. Ukiwa nao, unauliza tu kwa upole, “Barua yangu ya tarehe fulani imefikia wapi?” Ikipita siku nyingi bila jibu, nakala hiyo hiyo yenye mhuri ndiyo utakayoambatanisha ukipeleka malalamiko kwenye Tume.

Kwa habari za leseni yenyewe, kama jina limekosewa, au daraja ulilofaulu halionekani, au tarehe ya kuzaliwa si yako, barua haiendi polisi, inakwenda TRA. Kwa kesi iliyokwisha mahakamani, nenda kwa karani wa mahakama ile ile iliyohukumu, na namba ya kesi mkononi, uombe nakala ya hukumu. Fanya hivyo hasa ukishinda. Mtu aliyeachiwa huru hukimbilia nyumbani kwa furaha, na nakala huiacha, kisha miaka mitano baadaye tajiri anasikia tu kwamba “aliwahi kushitakiwa”. Sheria inampa hakimu uwezo hata wa kumnyima mtu haki ya kuendesha kwa muda fulani. Aliyepewa adhabu ya namna hiyo aijue siku yake ya mwisho kwa maandishi, asihesabu kwa vidole.

Sasa ile ofisi ya nne. Ni Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kushika mahali pa SUMATRA kwa upande wa nchi kavu. Madereva wa gari za biashara husajiliwa na kujaribiwa nayo. Mabasi ya masafa marefu, kama yale yatokayo stendi ya Kange kwenda Dar es Salaam au Arusha, yana chombo kinachopeleka habari za mwendo wa gari kwa saa zote. Na dereva ana kitufe chake, wenyewe hukiita aibatani, ambacho hukigusisha kabla ya kuondoka ili chombo kijue ni nani aliyeshika usukani. Basi kama basi lilikwenda kilomita 100 kwa saa pale Kabuku, inajulikana, na inajulikana ni nani.

Madereva wengi hukiona kitufe hicho kama jasusi. Mimi naona kinaweza pia kuwa shahidi wako. Siku gari ikiwa mikononi mwa mwenzako, kitufe chake ndicho kilichoandikwa, si chako. Ila usimwazime mtu kitufe, hata ndugu yako wa tumbo moja, hata kwa safari ya kutoka Kange mpaka Muheza tu. Ukimwazima, mwendo wake wote umekuwa mwendo wako.

Katika darasa moja mwanafunzi aliuliza swali zuri: je, cheti cha tabia njema cha polisi si ndicho kumbukumbu za udereva? Sicho. Cheti hicho hutolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole, nacho hueleza kama mtu ana hukumu ya jinai. Vijana wanaotafuta kazi ya udereva Oman na Dubai huulizwa mara nyingi cheti hicho, na ni sawa wakipate. Lakini hakitaji faini yako ya Pongwe. Tajiri wa huko akitaka kujua uzoefu wako wa kuendesha, utampa leseni iliyohakikiwa, na barua za matajiri uliowafanyia kazi. Kwa hiyo unapoacha kazi kwa amani, omba barua siku hiyo hiyo. Hamisi hakuomba, na sasa tajiri wake amekwisha hamia Mwanza.

Na wale wavukao mpaka au bahari, wajue kwamba Kenya na Zanzibar zina ofisi zao za leseni. Kenya ni Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama, NTSA. Kosa uliloandikiwa Lunga Lunga usilitafute Chumbageni.

Kazi ya nyumbani ni mbili. Ya kwanza, andika katika daftari namba ya leseni yako, madaraja yake yote, na tarehe ya kwisha, kisha mpe mwenzako asome akiwa na kadi yako mkononi, atazame kama umekosea tarakimu. Asiye na leseni afanye hivyo kwa kitambulisho cha Taifa. Ya pili, tafuta faini kwa namba ya leseni yako, au kwa namba ya chombo cha nyumbani. Ukikuta lisilo lako, andika barua kama ya Hamisi, kwa maneno yako mwenyewe, uje nayo darasani. Mwalimu wenu ataisahihisha kabla hamjaipeleka masjala.

Kwa herini. Aliyeazima leseni ya jirani na airudishe.